Skrubu nilizochagua kwa ukubwa karibu zimuue baba: shukrani kwa mama mmoja wa hardware, Moshi mjini

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Juzi kuna member alileta uzi humu akiuliza atumie skrubu gani kufunga kabati lake la kwenye boksi, maana zile zilizokuja nalo zimepotea. Watu wakamjibu kiutani: "Nunua yoyote, ikigoma piga nyundo."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikaanza kuandika uzi huu.

Nitawasimulia kitu kilichonipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, anayeitaka jikoni kwake ipo. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ni miaka ile ya mwishoni mwa tisini. Bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kumiminika, bei ya kahawa imekatisha watu tamaa, na simu ya mkononi ukiiona ujue mwenye nayo ni mtu mzito. Mimi nilikuwa karani wa masijala Bomang'ombe. Nyumbani ni Kilema, kule juu kwenye migomba.

Asubuhi moja baba alikwenda kukagua kahawa yake, akakutwa amekaa chini ya mti hawezi kunyanyuka. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala.

Na maneno yakapotea. Hapo ndipo palituumiza zaidi, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kuongea. Vikao vya jumuiya yeye ndiye mfunguzi na yeye ndiye mfungaji. Sasa akawa anatoa sauti tu, tunabahatisha kama ni maji au ni kugeuzwa, na tukikosea analia.

Niliomba likizo nikapanda Kilema kumsaidia mama.

Muuguzi aliyekuja kumwangalia alituambia wazi: kitanda hiki hakifai. Kilikuwa kitanda cha zamani, kipana, kifupi kwenda juu, kimebanwa kwenye kona ya ukuta. Mama alikuwa anapiga magoti kumgeuza. Muuguzi akasema tutafute kitanda kilichonyanyuka, chembamba, kikae katikati ya chumba ili mtu amfikie mgonjwa pande zote. Tukishindwa kumgeuza vizuri atapata vidonda vya kulalia, na hivyo ndivyo vinavyowamaliza wagonjwa wa aina hii.

Kaka yangu, nimwite Deo, alikuwa anafanya kazi Nairobi. Alipopata habari alinunua kitanda huko, vile vya kisasa vya kwenye boksi, vya kuja kujifungia mwenyewe. Kikapitia Tarakea, kikapakiwa kwenye pickup, kikazunguka Himo mpaka nyumbani.

Njiani boksi moja lilichanika. Mbao zilifika zote. Kilichokosekana ni kimfuko kidogo cha nailoni chenye skrubu, nati na vikorokoro vyote vya kufungia, pamoja na ile karatasi ya maelekezo.

Tukamwita Fundi Aloyce, seremala wa pale kijijini. Mtu hodari, milango ya nusu ya Kilema ameitengeneza yeye. Akachukua ubao mmoja, akaugonga kwa kidole, akautazama ubavuni.

"Hii siyo mbao," akasema. "Hii ni pumba ya mbao imegandishwa kwa gundi. Mimi nikipiga msumari hapa itapasuka kama biskuti."

Alijaribu msumari mmoja pembeni kutuonyesha. Ikapasuka kama biskuti.

Akasema angetutengenezea kitanda cha mvule, tumpe wiki tatu. Wiki tatu! Baba tayari mgongo ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Fundi wa watu akaaga, nikabaki na mbao zangu sebuleni.

Wakuu, mimi tangu utoto nilipenda kushika vifaa. Redio ya baba niliwahi kuifungua na kuifunga nikiwa darasa la sita na ikaimba. Nikasema, hiki kitanda nakifunga mimi.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwepo. Akaniangalia juu mpaka chini. "Filo, mtoto wa kike, wanaume wameisha ukoo huu?"

Nilishuka Moshi siku hiyo hiyo.

Sikilizeni kosa langu lilikuwa wapi. Niliingia sokoni, nikamkuta mtu amemwaga skrubu kwenye turubai, za kila aina. Nikachagua kwa macho. Nikajiambia baba ni mtu mkubwa, ana kilo zake, basi nichukue skrubu kubwa kuliko zote. Nikachukua zile nene za inchi tatu, za kufungia mbao ngumu. Muuzaji hakuniuliza kitu, mimi pia sikuuliza.

Nyumbani nikazikaza kwa bisibisi mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Zilikuwa zinaingia kwa shida, na kila zikikataa nazidisha nguvu. Nilisikia mlio wa kukwaruza ndani ya ubao, nikadhani ndiyo dalili ya kushika vizuri.

Kuna matundu makubwa ya mviringo karibu na ncha za zile mbao za ubavuni. Sikujua kazi yake. Nilidhani ni ya kupitisha hewa. Ndiyo, chekeni tu.

Kitanda kikasimama. Nikakitikisa, kikatulia. Nikapanga chaga juu yake (chaga za kitanda, siyo sisi Wachaga), tukaweka godoro, tukamhamisha baba. Mama alisimama pembeni akakiangalia kitanda kama mtu anayeangalia gari jipya.

Siku tatu nilitembea kifua mbele.

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, mama alikuwa ameenda kukata majani ya ng'ombe. Nilikuwa peke yangu na baba, namwogesha. Nimemgeuza upande wake mbovu, nimemshika begani, naosha mgongo.

Nikasikia *kwaa*.

Ubao wa ubavu ulichomoka kichwani mwa kitanda. Chaga zikaanza kudondoka moja baada ya nyingine, godoro likalala upande, na baba akaanza kuteremka kuja kwangu. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika hewa.

Nilipiga magoti nikaingia chini yake. Tukaanguka wote, mimi chini, yeye juu yangu. Kichwa chake kilitua kifuani kwangu. Kando ya sikio langu, siyo mbali kuliko kiganja, moja ya zile skrubu za inchi tatu ilikuwa imebaki kwenye ubao ikiwa imechomoza, ncha juu.

Mpaka leo nikiikumbuka ile ncha nasikia baridi. Kama baba angeteremka kidogo tu upande wa ile skrubu, ningekuwa nawaandikia kitu tofauti kabisa, au nisingekuwa na uwezo wa kuandika.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Baba alikuwa anatetemeka. Niliweza tu kumfunika kwa shuka na kumwambia, "Baba, nimekushika. Nimekushika." Mama alipofika na mzigo wake wa majani aliutupa mlangoni, akaita majirani, wakamnyanyua.

Baba alipata michubuko ya kiwiko, basi. Mungu mkubwa.

Lakini kuanzia saa hiyo akawa anaogopa. Tulimrudisha kwenye kile kitanda cha zamani, lakini tukimgusa tu kumgeuza, anashika nguo zetu kwa ule mkono mzima hataki kuachia. Mtu ambaye hakuwahi kuogopa kitu! Hilo ndilo lililonimaliza. Shangazi alisema aliyoyasema, nilistahili, sitayarudia hapa.

Kesho yake nilifunga ndani ya kanga kipande kilichomeguka kwenye ncha ya ule ubao wa ubavu, nikashuka tena mjini. Safari hii sikwenda kwenye turubai. Nilikwenda kwenye duka la hardware la Wahindi, mojawapo ya yale ya zamani yenye kaunta ndefu ya mbao na vidroo vidogo vidogo ukuta mzima.

Nyuma ya kaunta alikuwepo mama mmoja wa Kiismailia, umri kama wa mama yangu, miwani imefungwa kamba shingoni. Nitamwita Mama Shirin. Amezaliwa Moshi, Kiswahili chake ni cha Moshi kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nataka skrubu zenye nguvu zaidi kuliko hizi." Nikaweka zile za inchi tatu kaunta.

Hakuzigusa. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza, na mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

"Unafunga nini kwenye nini?"

Nikafungua kanga. Akachukua kile kipande, akavaa miwani, akatia kidole kwenye tundu lililochanika. Ikamwagika pumba.

"Kitanda," akasema. "Nani analalia?"

Wakuu, nilikuwa nimejikaza tangu jana yake. Pale kaunta, mbele ya wateja, nikaanza kulia. Nikamwambia yote, mpaka ile ncha ya skrubu.

Hakunionea huruma kwa maneno. Alimwambia mtu wake ahudumie wateja wengine, akanivutia kiti nyuma ya kaunta, akanipa chai. Akasema mume wake aliwahi kulala miaka mitano, hawezi kujigeuza. "Najua kazi unayoifanya," akasema. "Sasa sikiliza, nikufundishe."

Na akanifundisha. Nawapa kama nilivyopewa.

Kwanza, skrubu haichaguliwi kwa ukubwa, inachaguliwa kwa kile inachokwenda kushika. Mbao ya kweli ina nyuzinyuzi, kwa hiyo skrubu nene inayochongoka inajibana ndani yake. Chipboard, hii pumba ya kugandishwa, haina nyuzinyuzi. Ukiingiza skrubu nene unaisaga ndani. Kwa nje inaonekana imeshika, ndani umebaki unga.

Skrubu ya chipboard ni nyembamba, imenyooka, na uzi wake (uzi wa skrubu, siyo huu wetu) ni mpana na umetokeza kama mabawa, ili uume ubao bila kuupasua. Alinifungulia vidroo viwili, akaniwekea skrubu ya aina hii na ya aina ile kwenye viganja viwili, akaniambia nifumbe macho nizipapase. Nikaona tofauti kwa vidole kabla ya macho.

Urefu: weka skrubu ubavuni mwa mbao mbili zilizobebana. Ikichomoza imezidi, irudishe. Ikiishia kwenye ubao wa kwanza haina kazi.

Tundu: toboa kwanza, kila mara. Shika biti ya drili, ile ncha ya kutobolea, mbele ya skrubu, uitazame. Mwili wa skrubu ufichike nyuma ya biti, lakini nyuzi zichungulie pande zote mbili. Ukiona hivyo, tundu hilo ni sahihi.

Na kukaza: ikishafika, iache. "Ukisikia inakuwa nyepesi tena ghafla, umeshaua uzi," akasema. Nikakumbuka ule mlio niliokuwa nausikia kwa furaha.

Halafu akageuza kile kipande, akaonyesha lile tundu kubwa la mviringo.

"Hili ulidhani ni la nini?"

"La hewa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Kumbe kiungo kinachobeba mtu hakifungwi kwa skrubu kabisa. Kinafungwa kwa bolti. Bolti inapita kichwani mwa kitanda, inaingia ndani ya ubao wa ubavuni kwa urefu, na mle kwenye tundu kubwa inalala nati ya mviringo kama kipande cha penseli. Bolti inaikamata nati hiyo, na ubao wote unabanwa kwa chuma, siyo kwa pumba. Skrubu kazi yake ni kushika chaga na vitu vidogo.

Akatafuta kidroo kwa kidroo mpaka akapata bolti na nati zinazokaa kwenye matundu yangu. Alijaribu kila moja kwenye kipande. Iliyopwaya alirudisha, iliyobana alirudisha.

Nilifikiri tumemaliza. Akasema, "Matundu yako ya kichwani umeshayachana. Bolti peke yake haitatosha. Kwenu ni wapi?"

"Kilema."

"Jumapili baada ya misa yenu nitakuja."

Nilidhani ni maneno ya kunifariji. Lakini Jumapili, tumetoka kanisani hata hatujabadili nguo, pickup yake ikaingia uani. Akashuka na viatu vya raba, boksi la vifaa mkononi. Shangazi alibaki ameshika kikombe hajui akiweke wapi.

Alianza kwa kwenda kumsalimia baba. Alikaa karibu naye, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongea na mteja: "Mzee, leo tunakutengenezea kitanda. Tutakijaribu sisi kwanza. Tukianguka, tutaanguka sisi."

Baba alimtazama muda mrefu.

Kisha Mama Shirin akaniita. Nilitegemea yeye ndiye atafanya kazi, mimi nimshikie. Akanipa bisibisi.

"Fanya wewe. Skrubu ikilegea mwezi ujao mimi sitakuwepo hapa."

Basi nikafanya. Yale matundu yaliyochanika alinifanya nisafishe pumba yote, nikayaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, na kile kipande kilichomeguka nikakigandisha mahali pake. Ndani ya kila kona tukaongeza kipande cha mvule, tulikipata kwa Fundi Aloyce, ambaye naye alisogea taratibu mpaka akajikuta ameshika drili ya mkono. Kila tundu nilipima kwanza kwa kuchungulia zile nyuzi. Kila skrubu niliiweka ubavuni kabla ya kuiingiza. Nikikaza kupita kiasi Mama Shirin anagonga kaunta ya hewani kwa kidole: "Acha! Imefika."

Gundi tuliiachia muda wa kukauka, mama akatuletea mtori wa ndizi. Tukala pale pale uani.

Mwisho nikaingiza bolti. Wakuu, sijui niwaelezeje ile raha. Haikuhitaji nguvu. Ilizunguka laini, ikaikamata nati, na ule ubao ukajivuta wenyewe ukabana.

Mama Shirin akalala juu ya kitanda, na viatu vyake vya raba vinaning'inia. Akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia. Akamwita mama, wakalala wawili. Kitanda kimya.

"Shangazi naye," akasema.

Shangazi ni mtu wa mwili, wakuu. Akakataa, akasema yeye hayumo. Mama akamvuta mkono. Wanawake watatu watu wazima juu ya kitanda chembamba, wanacheka kama wasichana wa bweni, na kitanda hakikutoa hata mlio.

Baba alikuwa anaona yote kupitia mlango. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia, nikakimbilia. Alikuwa anacheka. Nusu ya uso tu ndiyo iliyocheka, lakini ilikuwa kicheko.

Tukamhamishia. Alitushika nguo kama kawaida yake. Mama Shirin akauchukua ule mkono mzima, akauweka juu ya ubao wa ubavu, akambonyeza vidole vishike. "Shika hapa. Hapa haiachii."

Akashika. Nikamgeuza upande ule mbovu, taratibu. Kitanda kimya. Baba akaachia pumzi ndefu. Akamtazama yule mama, midomo ikahangaika, ikahangaika, kisha likatoka neno moja, zito, limepindapinda, lakini kila mtu mle chumbani alilisikia.

"Aika."

Asante, kwa Kichaga. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu siku ile chini ya kahawa.

Mama Shirin naye ni wa Moshi, hakuhitaji kutafsiriwa. "Aika, mzee," akajibu, akageuka haraka akaanza kukusanya vifaa vyake ambavyo vilikuwa vimeshakusanywa.

Malipo alikataa. Mama alimpakilia mkungu wa ndizi na parachichi bila kumwomba ruhusa.

Baba alikaa nasi zaidi ya miaka mitatu baada ya hapo. Vidonda vya kulalia hakupata hata kimoja. Maneno yalirudi machache machache, na yale machache aliyatumia kutugombeza, tukafurahi. Ule ubao wa ubavu alijifunza kuushika na kujivuta mwenyewe mpaka akakaa kitako, akawa anaangalia mvua dirishani. Kila Jumamosi nilipopanda kutoka Bomang'ombe nilikagua bolti zote. Alipoondoka aliondoka amelala, ametulia, mama amemshika mkono.

Mimi nimebaki na ile tabia. Majirani wakinunua kitu cha boksi wananiita, na kabla sijashika bisibisi nawauliza: mnafunga nini kwenye nini?

Nilichojifunza, wakuu: nguvu na mapenzi kwa mgonjwa havitoshi kama hujauliza. Nilimpenda baba yangu na ndiyo maana nilichukua skrubu kubwa kuliko zote. Dukani usione aibu. Nenda na kipande chako, kiweke kaunta, sema hujui. Nilimpata mtu mwema kwa sababu siku ile nilikuwa nimeishiwa ujanja.

Ndugu yangu mwenye kabati, natumaini umefika huku chini. Usipige nyundo.

Na ninyi wengine, mafundi, wauguzaji, mliowahi kufundishwa kitu na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuwafundisha, tiririkeni hapa. Nitasoma kila comment. Mafundi mkiona nimekosea sehemu ya kitaalamu nisahihisheni tu, sina kinyongo.

Mama Shirin aliuza duka akawafuata wanawe ng'ambo, tukapotezana. Kama wewe ni mwanawe au mjukuu wake na umejitambua kwenye hadithi hii, sihitaji namba wala picha. Mwambie tu kwamba yule mzee wa Kilema hakuanguka tena.